Miaka ya Kazi Inahesabiwa Tangu Lini?



Neno "afande" tunalisikia kila siku kwa polisi na askari wa nchi zetu. Asili yake ni "efendi", neno la Kituruki lililoletwa na askari wa Kisudani ambao Waingereza waliwaajiri Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Ni neno la vyeo, na historia yake inatuhusu sisi wa viwandani na mashambani.

Jeshi la wakoloni lililoitwa King's African Rifles, yaani KAR, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Nyasaland. Ngazi zake zilieleweka: askari, lansi koplo, koplo, sajini, sajini meja. Hapo ndipo Mwafrika alipokomea. Kamisheni, yaani uofisa kamili, ilikuwa ya Mzungu. Sajini meja aliyepigana Burma alimpigia saluti luteni kijana aliyewasili juzi kutoka Uingereza.

Uhuru ulipokaribia, katika miaka ya 1950, wakoloni hawakufungua mlango mara moja. Kwanza walitengeneza ngazi ya kati, wakalifufua jina la zamani: Efendi. Efendi alikuwa juu ya sajini meja, lakini chini ya luteni mdogo kuliko wote. Kilikuwa cheo cha kumtuliza mtu bila kumpa mamlaka.

Tena kulikuwa na jambo la pili, lililojificha zaidi. Katika desturi ya jeshi la Kiingereza, ukubwa kati ya maofisa wa cheo kimoja huhesabiwa tangu tarehe mtu alipokipata cheo hicho. Tazameni hesabu hiyo. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946, akapewa uefendi mwaka 1959, na kamisheni mwaka 1961. Hatumtaji kwa kumsifu. Damu iliyomwagika chini ya utawala wake, 1971 hadi 1979, inajulikana. Tunamtaja kwa sababu ya tarehe zake. Baada ya miaka 15 jeshini, alikuwa luteni mpya, mdogo kwa kijana yeyote aliyepata uluteni mwaka mmoja kabla yake.

Kanuni hiyo haikutaja rangi ya mtu. Ilisema tu: aliyetangulia ndiye mkubwa. Lakini aliyezuiwa mlangoni atatangulia lini?

Matokeo yake tuliyaona. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, ambao bado waliwaongoza miaka miwili baada ya uhuru. Siku chache baadaye moto uliwaka Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Serikali zote tatu zililazimika kuomba majeshi ya Uingereza.

Vyama vya wafanyakazi pia viliumia. Tanganyika viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, wakishukiwa kushirikiana na waasi. Mwaka huo huo shirikisho la TFL lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA. Hatuungi mkono mtu kudai haki yake kwa bunduki. Lakini ni dhahiri kwamba dhuluma ya vyeo ikiachwa bila mahali pa kusemewa, hulipuka, na mlipuko huwaunguza hata wasiokuwamo.

Sasa tujitazame wenyewe. Kibarua anachuma chai msimu hadi msimu kwa miaka 10. Siku anapoandikwa kazi ya kudumu, kitabu kinasema: mwaka wa kwanza. Kijana aliyeandikwa mwaka jana ni mkubwa wake. Fundi wa mashine anaitwa "msimamizi msaidizi", lakini mshahara haukupanda hata senti. Huyo si ndiye efendi wetu?

Wapo wenzetu wanaosema ukongwe ufutwe, itazamwe juhudi tu. Hatukubaliani nao. Juhudi itapimwa na nani? Na yule yule anayechagua ndugu zake. Ukongwe ni ngao ya mnyonge, mradi uhesabiwe kwa haki.

Kwa hiyo, mkataba wa kazi unapojadiliwa, tudai mambo matatu. Kwanza, miaka ya ukibarua ihesabiwe katika utumishi. Pili, kila cheo kipya kiandikwe pamoja na mshahara wake, mamlaka yake na ngazi inayofuata. Tatu, orodha ya ukongwe ibandikwe ukutani, kila mtu aisome na kuipinga akionewa.

Ndugu, tusibishanie tu nani awe wa kwanza katika orodha. Tuulize kwanza orodha hiyo inaanza kuhesabu tangu siku gani, na ni nani aliyeichagua siku hiyo.

Umoja ni nguvu.