Daftari la Wiki: Moto, Jua na Chumvi

Jikoni. Mama lishe mmoja wa Mtaa wa Swahili, jijini Dar es Salaam, ana ubahili wenye akili. Maharage yakishaanza kutokota, anachomoa makaa mawili matatu, anayafukia kwenye jivu, kisha anafunika sufuria. Dar ipo usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Yakifika hapo, koleza moto utakavyo, hayapandi tena. Joto la ziada linaishia kwenye mvuke. Maharage hayaivi upesi zaidi, ila gunia la mkaa huisha upesi.

Mlimani. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanawahi kuchemka. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, yanatokota kwenye nyuzi 80 hivi. Chai utakunywa, maharage utayasubiri sana.

Kambani. Kwenye vibaraza vya maghorofa ya Kariakoo hakuna kinachofika nyuzi 100, lakini kanga zinakauka. Maji yanayochemka hutoa mapovu hadi kutoka chini ya sufuria; yanayokauka huondoka juujuu, chembe zenye kasi zikiponyoka kwenye joto lolote lile. Kinachoamua ni jua, upepo na unyevu wa hewani. Ndiyo maana wakati wa masika suruali ya jinzi hulala kambani hadi ikanuka uvundo.

Mwilini. Chembe zinazoponyoka huondoka na joto, na kinachobaki hupoa. Kwa njia hiyo mtungi wa udongo, unaopitisha maji kidogo kidogo kwenye vitundu vyake, hupoza maji bila umeme. Jasho nalo limewekwa kwa kazi hiyohiyo. Tatizo ni Februari ya Dar: hewa imeshiba unyevu, jasho halina pa kwenda, na mbeba mzigo wa Mtaa wa Kongo linamtiririka tu bila kumpoza. Aliyetoka Dodoma, kwenye joto kavu, anaona kaonewa.

Dukani. Chumvi nayo hupatikana kwa kukausha maji au kuyachemsha. Pwani, kama kule Bagamoyo, maji ya bahari hutegwa kwenye mabwawa yenye kina kifupi, yakaachiwa jua na upepo hadi chumvi ibaki. Uvinza, mkoani Kigoma, kwa karne nyingi watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu. Chumvi ni ileile. Wa Uvinza walilipa kuni, wa pwani wakalipa siku.