Malezi Yetu: Moyo Wako Uko Wapi?

 

Tazama kidole chako. Huenda kiko chini ya neno hili. Usione haya. Wengi wetu tulianza hivyo. Kidole kikikaa chini ya neno, jicho halipotei. Lakini siku nyingine kidole kinafika mwisho wa mstari, nawe hukumbuki ulichosoma. Kidole kilikuwa kwenye gazeti. Moyo ulikuwa kwenye deni la mbolea.

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hilo. Tuzungumze juu ya kuutuliza moyo mahali ulipo mwili. Maana yake ni kujua unachokifanya wakati unapokifanya.

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa Mwazye ametoka kuuza mahindi. Mnunuzi ametaka lumbesa. Gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, lakini bei ni ile ile ya gunia moja. Baba anarudi nyumbani amenuna. Mtoto wake anaingia uani na ndoo ya maji kichwani. Anajikwaa, maji yote yanamwagika. Baba anachukua fimbo.

Ndugu msomaji, mtoto huyu amepigwa kwa kosa la nani? Amepigwa kwa kosa la mnunuzi wa mahindi. Mwili wa baba ulikuwa uani. Moyo wake ulikuwa bado kwenye gunia. Mtoto hajui habari za lumbesa. Anajua jambo moja tu: baba akirudi, afadhali kujificha.

Hili si jambo dogo. Mtoto anayemwogopa mzazi wake hasemi anapoumwa. Hasemi anapoonewa njiani. Siku moja atakuwa na jambo kubwa la kusema, naye atanyamaza.

Baba huyu angefanya nini? Angefanya mambo matatu kabla ya kuingia uani.

Kwanza, angesimama.

Pili, angevuta pumzi mara tatu, polepole. Angeisikia pumzi ikiingia, na angeisikia ikitoka.

Tatu, angejiuliza: "Moyo wangu uko wapi?" Angejibu kweli: "Nina hasira. Hasira hii nimetoka nayo kwenye mahindi."

Je, hasira ingekwisha hapo hapo? La. Lakini angeijua. Mtu anayeijua hasira yake huweza kuitawala. Mtu asiyeijua hutawaliwa nayo.

Labda utauliza: "Basi mnunuzi aendelee kutuonea?" Hapana. Kutulia si kunyamaza. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo. Baba huyo aende kwenye mkutano wa kijiji na kwenye chama cha ushirika, aseme. Mtu aliyetulia husema maneno yake yakaeleweka. Kumpiga mtoto hakujapunguza lumbesa hata siku moja.

Jambo hili si geni katika Ufipa. Fikiria wazee wetu walivyolima kwa matuta ya duara. Mvua zilipokaribia kwisha, walizifunika nyasi kwa udongo ili zioze ziwe mbolea. Juu ya tuta walipanda maharage. Msimu uliofuata waliyatawanya matuta, wakapanda ulezi. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe la mkono, tuta moja baada ya jingine. Mtu akisimama kutazama shamba zima, mikono hulegea. Mlimaji hutazama tuta lililo mbele yake. Akilimaliza, anakwenda kwenye jingine.

Hata mtoto anayeongoza ng'ombe wa plau anajua hivyo. Akitazama ndege, mstari unapinda.

Watu wa nchi nyingine nao wamelitafuta jambo hili. Wafuasi wa Buddha huko Asia wamefundisha utulivu wa namna hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1979 mwanasayansi wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wengi wao walikuwa na maumivu ya muda mrefu. Aliwafundisha kuisikia pumzi yao na kuutambua mwili wao, ili waweze kuishi na maumivu hayo bila kushindwa nayo.

Huko Uingereza walijaribu kuwafundisha watoto shuleni. Wanafunzi waliokuwa katika jaribio hilo walizidi 8,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Masomo hayo hayakuwasaidia watoto zaidi ya masomo yao ya kawaida. Wengi hawakuyafanya mazoezi nyumbani.

Mimi napata fundisho moja hapo. Mtoto hafundishwi utulivu kwa maneno matupu. Hujifunza kwa kumwona mzazi aliyetulia, na kwa kufanya pamoja naye kila siku. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tuanze vipi nyumbani? Haya ni mambo manne. Hayahitaji fedha.

1. Kusikiliza. Jioni, kaa na watoto. Fumbeni macho kwa muda mfupi. Kila mtu ahesabu sauti anazozisikia. Huyu atasikia upepo. Huyu atasikia mbuzi, au mtu anayetwanga. Kisha fumbueni macho, kila mmoja aseme alichosikia. Watoto wataupenda mchezo huu.

2. Kubeba maji. Jaza kikombe mpaka ukingoni. Mtoto akibebe kutoka mlangoni mpaka kwenye mti bila kumwaga. Akimwaga, acheke na ajaribu tena. Hakuna fimbo hapa. Nawe mzazi ubebe chako. Huenda ukamwaga kabla yake.

3. Kula. Matonge matatu ya kwanza yaliwe kimya. Kila mtu asikie ladha ya ugali na ya mboga. Simu ikae mbali. Ukishika mwiko kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, ugali utaungua. Mshika mbili moja humponyoka.

4. Kutaja yaliyo moyoni. Mfundishe mtoto kusema: "Nina hasira." "Nina hofu." "Nina wivu." Usimcheke. Usimwambie, "Nyamaza, wewe ni mwanamume." Mtoto anayeweza kuitaja hasira yake hana haja ya kumpiga mwenzake ili ijulikane.

Usitegemee kwamba moyo utatulia moja kwa moja. Utatoroka. Moyo ni kama mbuzi karibu na shamba la maharage. Hutoroka, nawe unamrudisha. Humpigi mpaka afe. Unamrudisha tu. Kesho atatoroka tena, nawe utamrudisha tena. Huko kurudisha ndiyo kazi yenyewe.

Lakini zingatia jambo hili. Mazoezi haya si dawa ya kila kitu. Kama wewe au mtoto wako ana huzuni ya siku nyingi, hali wala halali, nendeni kwenye kituo cha afya. Msione aibu. Moyo nao huugua kama mwili.

Sasa turudi kwa yule baba. Tuseme kesho anauza gunia jingine, na mambo ni yale yale. Anarudi amekasirika. Anasimama njiani. Anavuta pumzi mara tatu. Anaingia uani, mtoto anamwaga maji. Baba anasema, "Pole, mwanangu. Umeumia? Haya, twende tukachote mengine." Wanakwenda wote wawili. Njiani mtoto anamweleza habari za shule, habari ambazo hajamwambia mtu yeyote.

Maji yaliyomwagika ni ndoo moja. Njia ya mtoni si mbali. Lakini moyo wa mtoto ukimwagika, kuujaza tena ni kazi ya miaka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mara ya mwisho ulipomkaripia mtoto, hasira yako ilitoka wapi?
2. Ni kazi gani ya nyumbani unayoifanya huku moyo wako uko mbali?
3. Katika yale mambo manne, utaanza na lipi leo jioni?

Msomee jirani yako ambaye bado hajajua kusoma. Kisha mjibu maswali pamoja. Tuonane mwezi ujao.