Anayedaiwa ni mmoja, wanaotumiwa ujumbe ni wengi

  

Ndugu Waislamu, wengi wetu tumekwisha kupokea katika simu zetu ujumbe wa namna hii: fulani anadaiwa, amekimbia deni, mwambieni alipe. Aliyeutuma hatumjui. Namba yetu ameipata katika simu ya mdaiwa mwenyewe, ambaye siku ya kukopa aliiruhusu programu ile isome majina yote aliyoyahifadhi. Malipo yakichelewa siku chache tu, habari humfikia mkwe, mwalimu wa madrasa na mkubwa wa kazini kwa wakati mmoja.

Mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mitandaoni bila leseni. Hatua ile ilikuwa njema. Lakini leseni haiigeuzi riba ikawa halali, na mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu" haitolewi kwa simu peke yake. Juu ya riba hatuna haja ya kurefusha maneno, kwani hukumu yake inajulikana. Tunaotaka kujitazama leo ni sisi tuliopokea ujumbe.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza maandazi, alikopa ili amtibu mwanawe. Ujumbe ulipotufikia, wako waliouonyesha barazani wakacheka. Mimi niliufuta, nikajiona nimemsitiri mwenzangu. Baadaye nilimuuliza kwa upole kwa nini alikwenda kwa mtu asiyemjua, hali amezungukwa na ndugu na majirani. Akanijibu: "Ustadh, kwenu ningepewa mawaidha kwanza. Simu haikuniuliza kitu."

Jibu hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Mkopo mwema usio na ziada, ambao wazee wetu wakipeana kwa siri baada ya swala, tumeufanya kuwa mzigo wa fedheha. Anayekuja kukopa tunamhoji alivyotumia fedha zake, kisha tunampa nusu ya haja yake, na kabla ya magharibi nyumba nzima imejua. Sasa kuna tofauti gani baina yetu na programu ile?

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na akabainisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Imepokewa pia na Salama bin Al-Akwa' (r.a.) kwamba lililetwa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa dinari tatu bila kuacha kitu. Mtume (s.a.w.) hakumsalia, akawaambia masahaba wamsalie mwenzao. Hapo Abu Qatada (r.a.) akajitwika deni lile, ndipo Mtume akaswali. Hadithi hii huwa tunaisoma ili kumtisha mdaiwa, na ni haki, kwani deni ni jambo zito. Ila ni mara chache sana tunamsoma Abu Qatada, ambaye hakuuliza dinari zile zilikwendea wapi.

Tena wadaiwa wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya zaka katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Ni kamati ngapi za misikiti yetu zenye daftari la fungu hilo? Za mazulia na feni tunazo.

Kwetu tulilizungumza jambo hili baada ya swala ya isha, watu kumi na mmoja, bila kulitaja jina la mtu. Deni la mama yule lilikuwa dogo kuliko bei ya kipaza sauti tulichokinunua kabla ya Ramadhani iliyopita.