MAONI YETU: MICHE INATUNGOJA



Juma lililopita tulikwenda kitaluni kuhesabu miche ya kahawa. Tulirudi na huzuni. Zaidi ya nusu ya miche iko pale pale, na mvua za vuli ndizo hizi zimeanza. Miche hii ni ya aina inayovumilia mnyauko, ule ugonjwa uliotuulia mibuni mingi hapa Kagera tangu miaka ya 1990. Mikutano mingapi tulikaa tukiidai! Sasa imekuja, na wenyewe hatuji kuichukua. Kulikoni?

Tulipopita nyumba kwa nyumba kuuliza, hatukuambiwa habari ya mashimo wala samadi. Tuliambiwa habari ya dunia. Mzee wetu mmoja alisema, "Wanangu, nipande kahawa ya kungoja miaka mitatu, na dunia yenyewe inawaka moto?" Kijana mmoja akatutajia anayoyaona katika simu yake: vita ya Sudan iliyoanza Aprili 2023, ya Gaza iliyoanza Oktoba 2023, na Goma, hapo jirani, iliyotekwa Januari 2025. Akasema, "Nikiyatazama haya usiku, asubuhi jembe halinyanyuki." Na mama mmoja alisema huona haya hata kucheka, maana watoto wa wenzake wanakufa njaa.

Hatuwacheki watu hawa. Moyo usioumia kwa ajili ya mwenzake ni jiwe. Lakini yafaa tuseme wazi: kuona uchungu ni jambo moja, na kukata tamaa ni jambo jingine.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wenzetu wa kaskazini ya mto walikimbia na watoto mgongoni, wakaja kulala katika vibanja vya wenzao huku kusini. Vita haijasahaulika, mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini wakatambuliwa katika mkoa huu huu. Wakati huo hatukuwa hata na jina lake; tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara. Tulizika hadi tukachoka kuchimba. Nani siku zile angesema kesho ipo?

Lakini walikuwapo mabibi waliozika wana wao, kisha wakaamka asubuhi wakapalilia migomba, kwa kuwa wajukuu walitaka kula. Hawakutoa hotuba yoyote. Wengi wetu tunaosoma karatasi hii ukutani ndio hao wajukuu. Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kugawa dawa za kupunguza makali bila malipo, waliozipata walikuta kibanja kingali kibanja, si pori. Leo mtu anameza dawa yake, analima, na mama mwenye virusi anaweza kuzaa mtoto asiye navyo.

Hatusemi kwamba kila baya huisha vizuri. Waliokufa mwaka 1985 hawakuiona dawa ya 2004, na neno hilo hatuwezi kulipamba. Tunalosema ni hili: mabaya mengi yamepungua kwa sababu wapo watu waliokataa kukaa chini. Ugonjwa wa ndui uliua watu tangu enzi za mababu, na mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba umekwisha kabisa. Haukukoma wenyewe. Watu walitembea kijiji kwa kijiji na sindano za chanjo, wengine katika nchi zenye vita.

Sasa tumjibu yule mama. Dada yetu, ukikataa kucheka, mtoto wa Sudan hashibi. Senene wakija Novemba, acha watoto wakimbizane nao usiku, nawe kaanga, mle. Kinachomsaidia mwenye shida ni mtu mwenye kitu cha kutoa. Mkono mtupu haulambwi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba zetu, wenzetu wa mikoa mingine walituchangia. Walitoa kwa sababu walikuwa wamelima. Na Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipowafunika wenzetu wa Katesh, tuliweza kuchanga mahindi na maharage kwa kuwa ghalani mlikuwa na kitu. Je, tukiacha vibanja, safari ijayo tutachanga nini? Machozi?

Na kijana wetu, habari sikiliza. Asiyejua ya wenzake ni kipofu. Lakini usizifanye chakula cha usiku kucha. Sikiliza mara moja, sema na wenzako, kisha lala. Mwili uliokesha haulimi.

Mzee wetu naye tunamjibu kwa heshima: Mzee, mibuni tuliyorithi ilipandwa na nani? Ilipandwa na watu waliokuwa na vita zao, njaa zao na kodi zao. Hawakungoja dunia itulie. Wangeingoja, sisi tungesomeshwa kwa nini?

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama afike kitaluni kabla mvua hazijakatika, achukue miche yake. Pili, vijana wawachimbie mashimo wazee na wajane. Kamati itapanga zamu. Tatu, kila nyumba itakayovuna itenge kidogo kwa ajili ya ghala la dharura la chama, ili tukiitwa tuitike.

Mwenye maoni tofauti na haya aandike, nasi tutayabandika hapa hapa ukutani. Lakini aje kuyaandika akipitia kitaluni.

Shime, ndugu. Mvua haingoji mtu.

Sisi, Kamati ya Elimu ya Chama.