Tusimcheke Mwenzetu

Katika mdahalo mmoja wa muhula huu, mwenzetu alisema kuwa umeme waweza kupatikana katika moto wa haidrojeni pasipo gurudumu lo lote kuzunguka. Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka. Leo nakiri kuwa tulikosea.

Gesi ikipata joto la nyuzi zaidi ya 2,000 na kutiwa chembe za potasiamu, hupitisha umeme. Ikikimbizwa kati ya sumaku zenye nguvu, umeme huzaliwa humo humo. Michael Faraday, bingwa wa Uingereza, alijaribu jambo kama hilo mwaka 1832 kwa maji ya mto Thames, lakini hakufanikiwa. Warusi waliwasha mtambo wao, U-25, huko Moscow mwaka 1971, wakitumia gesi asilia.

Hata hivyo, mwenzetu naye alisahau jambo moja: haidrojeni hiyo itatoka wapi? Kuitenga na maji kwataka umeme mwingi kuliko ule utakaorudishwa na moto wake. Basi haidrojeni ya namna hiyo ni ghala, si shamba. Shamba letu sisi wa Balangdalalu ni jua na upepo wa Hanang.

Nashauri kwamba mwenye wazo geni aulizwe hesabu zake, asichekwe. Kicheko hakimfundishi aliyesema wala aliyecheka. Mwenzetu yule hajasimama tena katika mdahalo, na hasara hiyo ni yetu sote.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne