Anayefuga nyoka ana deni la shimo

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, Ituri na Katanga, nyoka akiingia nyumbani hukutana na fimbo ao panga. Ulaya na Marekani kuna watu wanaomnunua dukani, wanamweka ndani ya sanduku la kioo sebuleni na kumpa jina. Anayependwa sana ni chatu mdogo wa Afrika, Python regius, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Kwa miaka mingi nyoka hao wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin.

Kucheka desturi hiyo ni rahisi. Swali la maana ni hili: mnyama akiisha kufungiwa, nani anabeba mzigo wa makao yake?

Porini, chatu huyu hushinda mchana kutwa ndani ya shimo la panya ao kichuguu. Kila mkulima anajua kwamba hata kiangazi kikikaza, udongo wa chini unabaki na ubaridi na unyevu. Shimo hilo ndilo linalomlinda ngozi. Lakini katika nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, mashine za joto zinakausha hewa. Midomo ya watu inapasuka, na nyoka naye anateseka: gamba la zamani linatoka vipande vipande, lingine linaganda machoni, lingine linabana ncha ya mkia mpaka damu haipiti tena.

Wafugaji wengine wanajibu kwa kumwaga maji ovyo. Hilo nalo ni kosa. Nyoka analalia tumbo usiku na mchana. Matandazo yaliyolowa na kuchanganyika na mavi yanamwozesha magamba ya tumbo. Na pahali penye baridi, uchafu na hewa isiyozunguka, mapafu yanaugua: anaacha mdomo wazi, anatoa ute, anapumua kwa sauti.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Kipima unyevu kidogo kinaonyesha kama hewa iko karibu na asilimia 60, na unyevu uongezwe kidogo anapokaribia kujivua gamba. Maganda ya nazi yaliyosagwa hushika unyevu bila kuwa tope. Randa za mbao za mwerezi ziepukwe, kwa sababu mafuta yake yanamdhuru. Mavi yaondolewe siku ileile, matandazo yote yabadilishwe karibu kila mwezi, na sanduku lioshwe na kukauka. Kisha mfugaji anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo ni hatari zaidi kwa watoto wenye chini ya miaka 5.

Wengine watasema: watu wanalala chini ya mahema, na nyoka atafutiwe matandazo safi? Uchungu huo una haki yake. Lakini sheria ya nyoka ndiyo sheria ya kobai na sungura ambao familia nyingi za Kivu zinafuga karibu na jiko. Majani yaliyolowa mkojo yanawaletea ugonjwa, na pamoja nao inapotea nyama ya watoto na pesa ya shule. Mnyama aliyefungiwa hawezi kuhama uchafu wake, awe wa kuliwa ao wa kutazamwa.

Mkataba wa kimataifa wa CITES unaomba kibali kwa kila chatu anayevuka mpaka kwa biashara. Hiyo ni nzuri, lakini karatasi haipimi unyevu. Muuzaji asiyemweleza mnunuzi namna ya kutunza sanduku anamuuzia ugonjwa. Naye mnunuzi ajue kwamba chatu huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30: ni miaka 30 ya kutoa mavi na kubadilisha matandazo. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo amwache nyoka shimoni mwake, aendelee kukamata panya.