Na yule mteja wa buluu?

Katika makala yenu mmewasifu vikaragosi wale wale: Kermit, Elmo, Big Bird. Naomba nafasi ya Bwana Johnson wa Sesame Street, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 1969. Ni yule mwenye upara, rangi ya buluu, anayekuja mkahawani akiwa na njaa, na mhudumu ni Grover. Anaagiza hambaga, analetewa ya kutosha panya. Akitaka kubwa, inakuja jitu la hambaga!

Hapa Kikula, Likasi, umeme ukirudi, mtoto wa dada yangu hudai tumwangalie kwenye simu. Juzi aliniuliza, uso umekunjamana kwa huruma: “Mjomba, ule papa alikula mwishowe?” Hakuuliza habari za Grover hata kidogo.

Mtazameni Bwana Johnson anavyogeuza kichwa polepole kabla ya kujibu. Kicheko chote kimo humo. Bila njaa yake, makosa ya Grover hayana uzito. Aliyemchezesha ni Jerry Nelson, mkono ule ule uliompa uhai Count, kikaragosi mwingine wa kipindi hicho, tangu 1972. Nelson alifariki 2012. Jina lake lilistahili walau mstari mmoja katika makala yenu.